Zulma Techera, Mtunza Funguo wa El Zaguán

Ijumaa ya tarehe 29 Novemba 2024, saa nane mchana, Dada Zulma Techera atavua koti lake la buluu, atalitundika nyuma ya mlango wa mapokezi, na atastaafu rasmi baada ya miaka ishirini na saba, miezi minane na siku ishirini na sita za utumishi katika nyumba yetu ya El Zaguán, mtaa wa La Comercial, hapa Montevideo. Hesabu ya siku ameifanya mwenyewe. Tarehe pia ameichagua mwenyewe, kwa sababu kila tarehe 29 jikoni kwetu hupikwa ñoquis, vidonge vya unga na viazi, na Zulma alitamka wazi kikaoni kwamba hawezi kuagwa kwa keki na soda kama mtoto wa chekechea.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Nelson Bidegain, mpishi wa nyumba hii kwa mwaka wa ishirini na moja sasa. Kamati ilisema nimechaguliwa kwa kuwa ndiye niliyegombana naye mara nyingi kuliko mtumishi mwingine yeyote. Ni kweli. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, nilibaki nimesimama na mwiko mkononi nikimtazama na kujiuliza mwanamke huyu ameumbwa na nini.

Kwa wageni wa hafla ambao hawatufahamu: El Zaguán ni nyumba ya mchana ya wazee. Wanachama wetu ni wanaume waliowapenda wanaume, wanawake waliowapenda wanawake, na wale waliopewa jina moja utotoni wakazeeka na jina jingine walilojichagulia. Wengi hawana watoto. Wengi walifukuzwa makwao wakiwa na miaka kumi na saba au kumi na minane, na ndugu zao hawajui wanaishi barabara gani. Huja kwetu kula, kucheza karata, kulalamikia chakula changu na kuulizana nani anaumwa. Mmoja akilazwa, hakuna binti wa kupigiwa simu, kwa hiyo tunapigiana sisi.

Zulma ni mmoja wetu. Alizaliwa Rivera, mpakani, mwaka 1954, akaja mjini na kujifunza ufundi wa funguo na makufuli katika kibanda cha mjomba wake karibu na soko la Goes. Jumatatu ya tarehe 3 Machi 1997 aliitwa hapa kubadilisha kitasa cha mlango mkubwa. Akakuta wazee ishirini na kitu wamebanana kwenye ukumbi mwembamba wa kuingilia, wanapokezana kibuyu cha mate, chai chungu ya majani ya hapa kwetu, kwa sababu paa la sebule lilikuwa linavuja. Alimaliza kitasa, akauliza nani anashughulikia paa. Wazee wakaitazama dari. Akapanda mwenyewe. Kesho yake akarudi kwa ajili ya makabati, keshokutwa kwa ajili ya bomba la choo, na mwisho wa wiki ilionekana ni rahisi zaidi kumwajiri kuliko kumzuia. Barua yake ya ajira inasema "mhudumu wa mapokezi", nayo iko kwenye faili ambalo sidhani limewahi kufunguliwa.

Ubao wa funguo ulianza majira ya baridi ya mwaka huohuo. Mwanachama mmoja alianguka bafuni akakaa sakafuni siku mbili, na wazima moto wakavunja mlango ili kumtoa. Alipona. Lakini Zulma aliuona ule mlango, na fundi funguo akiona mlango umevunjwa huumia kuliko mwenye nyumba. Akawaomba wote wanaoishi peke yao walete ufunguo wa akiba. Akakata kipande cha mbao, akapigilia kulabu, akaandika namba kwa rangi nyekundu. Mwaka ule funguo zilikuwa kumi na moja. Leo ziko sitini na nne, na kila mtaa wenye wanachama wetu una majirani wawili waliofundishwa na Zulma namna ya kuingia nyumbani kwa mtu bila kumtia aibu.

Utaratibu ni rahisi. Kila mwanachama hupiga simu kabla ya saa nne asubuhi, hata kama ni kusema tu kwamba hataki kuongea na mtu. Asiyepiga, hupigiwa na Zulma. Asipopokea, Zulma huchukua ufunguo wake na kwenda. Kwa njia hii amewaokota watu tisa wakiwa hai. Pia amemkuta mwalimu wetu mstaafu wa jiografia ndani ya beseni la kuogea, redio ikiwa juu, anaimba kwa sauti ya pili. Mwalimu alikuja siku hiyo akiwa amefura. "Wewe Zulma, mimi nina miaka themanini na moja, hujaniona uchi kwa miaka yote hii, ukaamua leo?" Zulma akamjibu, "Mama, mimi nilikuwa naangalia kama unapumua. Hayo mengine sikuyaona, na hata ningeyaona nisingemwambia mtu." Wakanuniana wiki nzima, na kila asubuhi ya wiki hiyo mwalimu alipiga simu saa moja kamili ili kumkomoa.

Zulma aliandika jina la nyumba kwenye kila kitu. Vikombe, ngazi, mwavuli, hata mwiko wangu mkubwa, vyote vimeandikwa EL ZAGUÁN kwa rangi ileile nyekundu, pamoja na namba. Alisema wazee wanaazima na kusahau. Nilipinga kuhusu mwiko, nikashindwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Zulma mwenyewe aliniomba nisiliandike, halafu jana akaja jikoni akasema, "Andika. Ukiacha hilo utakuwa umeandika habari za mtu mwingine."

Mwaka 1998, kabla sijaajiriwa, alifariki mwanachama mmoja aliyekuwa ameishi na mwenzake miaka ishirini na mitatu. Kaka zake walikuja kutoka mashambani. Walikuta picha ukutani, barua kwenye droo na kitanda kimoja chumbani. Walichoma picha na barua uani, wakamfungia mjane yule nje ya nyumba aliyokuwa akiipiga deki mwenyewe, na makaburini wakamweka mtu getini kumzuia asiingie. Zulma alifika wakati moshi bado unatoka. Alisimulia habari hiyo mara moja tu, tukiwa tunamenya viazi, na hakuinua macho mpaka alipomaliza.

Tangu siku ile nyumba ikawa na sanduku la kahawia na vitanda viwili vya kukunja. Mwanachama akilazwa na hali ikiwa mbaya, kabla ndugu hawajafika, Zulma na mmoja wetu tuliingia nyumbani kwake kwa ufunguo wa ubaoni. Tuliondoa picha. Tuliondoa barua, kadi, koti la pili, kiwembe cha pili, gauni ambalo ndugu wasingelielewa. Tulifungua kitanda cha kukunja kwenye chumba kingine, tukakitandika, ili ionekane kwamba waliishi humo wapangaji wawili. Kila kitu kiliingia kwenye sanduku na kuja stoo yetu. Wanachama walilala usingizi kwa sababu ya sanduku lile. Wengine walimwambia Zulma, "Nikifa, wewe fika kwanza." Naye alifika kwanza, kwa miaka kumi na mitatu.

Mwezi Agosti 2011 ilikuwa zamu ya Mzee Eladio Pintos, ufunguo namba arobaini na moja, fundi cherehani aliyeshona mavazi ya kanivali mpaka macho yalipomgomea. Alikuwa na miaka sabini na minne. Aliishi peke yake katika nyumba aliyokaa miaka thelathini na minane na Rubens, dereva wa basi mwenye masikio makubwa na mkono mzito wa chumvi, ambaye zaidi ya mara moja aliingia jikoni kwangu akatia chumvi kwenye supu niliyokwisha kuitia chumvi. Rubens alifariki mwaka 2007. Eladio alianguka kituo cha basi, akavunjika nyonga, na siku ya nne hospitalini akapata nimonia. Daktari alimwambia Zulma, "Kama ana ndugu, aitwe leo."

Ndugu alikuwa mmoja: dada yake, Nair, wa Tacuarembó, ambaye hakuwa ameonana naye tangu mwaka 1980. Zulma alimpigia, akajitambulisha kuwa ni jirani. Sauti ya upande wa pili ilisema, "Nakuja na basi la kesho," ikakata simu. Zulma alikaa na mkono wa simu sikioni. Hakusikia huzuni katika sauti ile, wala swali hata moja. "Ni walewale," alisema, akavaa koti.

Mimi ndiye niliyebeba kitanda. Tulifanya kazi kwa saa moja na nusu. Picha zilikuwa nyingi ukutani, Eladio na Rubens ufukweni, Eladio na Rubens na mbwa, Rubens amelala kwenye kiti mdomo wazi. Zulma alizitoa moja moja, akafuta vumbi kila fremu kwa kiwiko cha koti lake na kuifunga kwa gazeti. Tukachukua slipa za Rubens, zilizokuwa bado chini ya kitanda miaka minne baada ya yeye kwenda. Nilitandika kitanda cha kukunja nikakunja pembe za shuka kwa ustadi. Nakiri nilijisikia shujaa.

Kesho yake Zulma alimpokea Bibi Nair kwenye kituo cha mabasi cha Tres Cruces, mwanamke mfupi wa miaka sabini na minane, mkoba kifuani. Akampeleka hospitali. Eladio alikuwa na barakoa ya oksijeni na hakufumbua macho. Jioni Zulma akampa ufunguo wa nyumba ya kaka yake ili akalale, akarudi kwake akiwa na amani kwamba kazi imefanyika vizuri.

Asubuhi iliyofuata, saa tatu, Bibi Nair alisukuma mlango wetu. Hakusalimu. Aliweka mkoba juu ya meza ya mapokezi.

"Nimekuja kuuliza habari za mwizi," alisema.

Zulma akamuuliza mwizi gani. Nilikuwa nimetoka jikoni na sahani ya torta frita, vile vimkate vya kukaanga, maana mvua ilikuwa inanyesha na siku za mvua wazee hawasamehe zikikosekana. Nikasimama palepale.

"Mwizi aliyeingia kwa kaka yangu. Televisheni ipo. Cherehani ipo. Saa ya baba ipo. Ukutani misumari thelathini na moja, na kila msumari una alama nyeupe ya picha chini yake. Sasa niambie wewe mwenyeji, mwizi gani wa Montevideo anaacha televisheni anabeba picha?"

Zulma alisema hajui lolote kuhusu picha.

"Hujui. Haya. Na kile kitanda cha chumba cha pili? Kimetandikwa kama cha hospitali. Eladio hajawahi kutandika kitanda tangu azaliwe, mama alimpiga mpaka akachoka. Nikainama nikatazama chini ya fremu." Akafungua mkoba, akatoa kipande cha karatasi alichokuwa ameandika kwa penseli, akasoma taratibu. "EL ZAGUÁN, kitanda, namba mbili. Nikamuuliza muuza magazeti hii El Zaguán iko wapi. Ndiyo hii?"

Sikuthubutu kumtazama Zulma. Miaka kumi na mitatu tulikuwa tunaficha watu kwa kitanda chenye jina letu na namba, kwa rangi nyekundu.

Zulma hakucheka wala hakukubali. Sheria ya nyumba, aliyoiandika yeye, ilisema kwamba kilichoingia sandukuni hakionyeshwi kwa ndugu bila neno la mwenyewe, na mwenyewe alikuwa hawezi kusema. Kama dada huyu alikuwa wa aina ya wale kaka wa 1998, kumpa sanduku kulikuwa kumkabidhi Eladio mzima mzima, akiwa kitandani, bila uwezo wa kujitetea. Na kama hakuwa wa aina hiyo, basi tulikuwa tunamzuia kaka yake asijulikane na mtu pekee wa damu yake aliyebaki duniani, na Eladio labda alikuwa na siku mbili za kuishi.

Bibi Nair akavuta kiti akaketi. Nikampa torta frita, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Akaimega, hakuila.

"Aliniandikia barua," alisema. "Miaka mitatu iliyopita. Mume wangu ndiye aliyekuwa anafungua barua zote. Aliisoma kwa sauti mezani, mbele ya watu, ili wacheke. Halafu akaitia jikoni kwenye moto. Mimi niliisikia mara moja tu, na nilikuwa nimeshika sufuria. Nikashika nilichoweza kushika. Alisema kuna mtu anaitwa Rubens, amefariki. Alisema huyo Rubens alikuwa anajaza chumvi kwenye kila kitu, na yeye alikula hivyohivyo miaka thelathini na minane bila kumwambia. Na sasa anapika bila chumvi na chakula hakishuki."

Akakung'uta makombo kwenye sketi.

"Mume wangu amekufa Mei. Nilikuwa najikusanya nije. Sikuja kuona nyumba. Nilikuja nione sura ya huyo mtu, nimwambie Eladio nimeiona. Basi. Mkaniachia ukuta mtupu."

Kuhusu chumvi nilijua mimi, na alijua Eladio, na nilikuwa nadhani hakuna mwingine. Nilitaka kumwambia Zulma kwamba hayo hayawezi kutungwa na mtu. Sikuhitaji. Alikuwa ameshakwenda stoo. Alirudi na sanduku la kahawia, akaliweka juu ya meza karibu na mkoba.

"Mwizi ni mimi," alisema.

"Nilijua tangu nilipoingia," alisema Bibi Nair. "Una mikono ya fundi. Mtu mwingine angepinda misumari."

Jambo lililomvunja Zulma lilikuja baada ya hapo. Huyu anayeandika namba kwenye miko hakuwa ameweka namba kwenye picha hata moja. Kwa miaka kumi na mitatu hakuna sanduku lililowahi kurudi mahali lilipotoka, kwa hiyo hatukuwa na haja ya kukumbuka picha gani ilikaa wapi. Tulikwenda wote watatu nyumbani kwa Eladio saa nne na nusu, nikaacha supu kwa mtu asiyeijua. Bibi Nair alishika fremu moja baada ya nyingine, akaipima kwenye alama nyeupe za ukutani mpaka ikatosha, na kila moja aliuliza. "Hapa ni wapi? Na huyu mbwa aliitwaje? Huyu analala hivi kila siku?" Tulichokijua tulimwambia. Zulma alikuwa juu ya ngazi, mgongo umetugeukia, analia.

Saa kumi jioni, muda wa kuwaona wagonjwa, Bibi Nair aliinama kwenye sikio la kaka yake. Hakunong'ona, alisema kwa sauti ya kawaida ya mtu wa shamba, na wodi nzima ikasikia.

"Eladio. Nimemwona. Mbona hukuandika kwamba ana masikio makubwa hivyo?"

Eladio hakufumbua macho. Lakini barakoa ilijaa ukungu, ikapungua, ikajaa tena kwa haraka, na muuguzi akaja mbio akidhani anakata roho. Alikuwa anacheka. Kesho yake waliitoa barakoa kwa dakika chache, na neno la kwanza alilomwambia dada yake baada ya miaka thelathini na moja lilikuwa, "Umechelewa." Naye akajibu, "Najua. Sogeza mguu nikae."

Hakufa. Baada ya wiki tano alirudi nyumbani kwake, picha zote zikiwa kwenye misumari yake, slipa chini ya kitanda. Kitanda namba mbili hakikurudi kwetu, kwa sababu Bibi Nair alikuwa analala juu yake, na aliendelea kukilalia miaka mitano, mpaka Eladio alipofariki usingizini mwaka 2016. Kwenye daftari la vifaa Zulma bado amekiandika "kimeazimwa". Bibi Nair, mwenye miaka tisini na mmoja sasa, amerudi Tacuarembó nacho.

Wiki ile Zulma aliitisha kikao cha watumishi na kusema maneno ambayo nayaandika kama nilivyoyasikia. "Picha za Eladio hazikuchomwa na mtu. Angekufa siku ile, ningekuwa nimemfuta mimi. Sisi tumekuwa tukiwafanyia kazi wale tunaowaogopa, tena kwa usafi kuliko wao." Mtu mmoja alitaka kumfariji, akamwambia kwamba mwaka 1998 ulikuwa 1998. Zulma alisema anajua, na kwamba ule moshi aliuona mwenyewe, na bado hana haki ya kumwamulia mtu aogope mpaka kaburini.

Kuanzia hapo alifanya kazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Aliwatembelea wenye funguo wote hamsini na wanane, mmoja mmoja, na kadi ngumu yenye maswali matatu: Tuondoe nini? Tuache nini? Aitwe nani? Kila mmoja alijaza kwa mkono wake, na kila kadi ilitundikwa kwenye kulabu pamoja na ufunguo wa mwenyewe. Ilimchukua miezi saba. Wengine walimfungia mlango. Mzee mmoja aliketi na kadi tupu mchana kutwa, halafu akamwomba Zulma aondoke na arudi baada ya mwaka. Alirudi baada ya mwaka.

Mwaka 2012, kadi arobaini na tisa zilisema "ondoeni vyote". Kila Januari Zulma huwarudishia wenyewe na kuuliza kama wamebadili mawazo. Hahubiri. Hunywa mate, husubiri, huondoka. Januari mwaka huu, kati ya kadi sitini na nne, zilizosema "ondoeni vyote" zilikuwa tano. Mwalimu wa jiografia ameandika tuache picha zote isipokuwa ya mwaka 1974, kwa sababu ya nywele. Mwingine anataka tuondoe meno ya bandia kwenye glasi tu, vitu vingine vyote ndugu wavione na wafanye watakavyo. Na katika zile tano kuna ya bibi mmoja aliyeandika, "Ondoeni vyote, bado naogopa." Kwa ajili yake sanduku la kahawia liko stoo, limefutwa vumbi na liko tayari, na Zulma amewaonyesha warithi wake lilipo.

Nimekaa na hesabu hiyo ya arobaini na tisa kuwa tano tangu wiki iliyopita, na kila nikiitazama napigwa na butwaa. Watu hawa waliishi chini ya kila aina ya serikali wakificha slipa chini ya kitanda. Hakuna sheria iliyowabadilisha peke yake, ingawa sheria njema zilikuja. Alikuja mwanamke mmoja na kibuyu cha mate, kila Januari, akauliza maswali matatu na kuheshimu jibu lolote alilopewa. Nimeishi kuliona hilo, nami nashukuru.

Kwenye janga la 2020, alipokatazwa kuingia majumbani, alisimama barabarani chini ya madirisha akipiga filimbi ya mwamuzi wa mpira mpaka mtu atokeze kichwa. Majirani walilalamika. Wanachama walilalamika zaidi. Kazi yake sasa itafanywa na watu wawili, na tayari wamegombana kuhusu rangi ya namba.

Wageni wengi hawajui kwamba Zulma amekuwa akiishi peke yake tangu 2019, alipofariki Iris, fundi wa viatu aliyekuwa mwenzake kwa miaka thelathini. Aliomba likizo ya siku tatu akarudi siku ya pili. Alipiga simu za saa nne kama kawaida. Sisi sote, watu sitini na kitu tuliozoea kuulizwa hali zetu, hatukuona kwamba asubuhi hakuna aliyekuwa akimpigia yeye. Miaka mitano. Naliandika hili kwa aibu, na kwa niaba ya wote.

Jumanne wiki hii nilikuwa nafuta vumbi ubao wa funguo, maana mimi ni mmoja wa waliokabidhiwa ubao huo. Baada ya namba sitini na nne kulikuwa na kulabu mpya. Ufunguo ulikuwa umekatwa vizuri, na kadi ilikuwa imejazwa kwa ule mwandiko wake wa herufi kubwa, wino mwekundu. Tuondoe nini? Aliandika, "Hakuna." Tuache nini? "Iris, pale alipo." Aitwe nani? Hapo alikuwa ameandika, akafuta, akaandika tena, na karatasi imechanika kidogo kwa kufutwa. Jibu lililobaki linasema, "Msingoje kuitwa."

Hatutangoja, Dada Zulma. Orodha ya zamu za kukutembelea iko jikoni na imejaa mpaka mwezi Machi. Zamu ya kwanza ni yangu, Jumapili hii saa kumi jioni, na nitabisha hodi kabla ya kutumia ufunguo. Asante kwa milango yote uliyofika kwanza. Kila siku kabla ya saa nne asubuhi simu yako italia, nawe unaruhusiwa kusema hutaki kuongea na mtu. Sisi wa El Zaguán tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya kusumbuliwa nasi.